Kikombe chako kina gramu ngapi? Mwongozo kamili wa kubadili vipimo vya kuoka

Resipi ikikwambia "unga vikombe viwili na robo", kabla hujauliza ni gramu ngapi, uliza kwanza ni kikombe cha nani. Kikombe cha Marekani kinachukua mililita 237, na wapishi wengi hukihesabu 240 ili hesabu iwe nyepesi. Cha Australia ni 250. Cha Japani ni 200. Kile cha plastiki kinachokuja pamoja na sufuria ya umeme ya kupikia wali ni mililita 180 tu, na ndicho kinachogeuzwa kipimo cha kila kitu jikoni kwa sababu kina mistari pembeni na kinaonekana cha kuaminika. Magi ya chai nayo inaweza kubeba 300 au zaidi.

Yupo atakayesema: mbona mimi natumia kikombe kimoja kwa kila kitu na keki inatoka? Ni kweli. Unga, sukari, maziwa na mafuta vikipimwa vyote kwa kikombe kilekile, uwiano wao haubadiliki, kiwe kidogo au kikubwa. Tatizo ni vile visivyopimwa kwa kikombe. Mayai yanahesabiwa, beking pauda inapimwa kwa kijiko, majarini inakatwa nusu pakiti, hamira inamiminwa pakiti nzima. Ukitumia magi ya mililita 300 kwenye resipi ya vikombe vya 240, unga unazidi kwa robo nzima huku mayai yakibaki manne yaleyale. Keki inatoka kavu, imepasuka juu, na watu wanaiteremsha kwa chai.

Kwa hiyo hatuanzi na jedwali. Majedwali yamejaa mtandaoni na mengi ni sahihi, ila ni sahihi kwa kikombe cha aliyeyaandika na kwa mkono wake. Hapa tutatengeneza lako.

Vifaa

Mizani ya jikoni ya dijitali inayosoma gramu moja moja itakuondolea nusu ya kazi. Kama una pesa ya kifaa kimoja tu, nunua hiyo kabla ya vibati vya maumbo ya maua na nyota. Asiye nayo asikate tamaa, njia ya pakiti ya unga ipo hapa chini na inafanya kazi vizuri kuliko watu wanavyodhani. Zaidi ya hapo tafuta chupa ya maji ya dukani ya mililita 500, kijiko, kisu chenye mgongo ulionyooka, karatasi, kalamu, na kikombe kimoja utakachokiteua kuwa cha kupimia. Kiwekee alama, maana watu wa nyumbani watakinywea chai na siku moja kitapotea.

Hatua ya 1: Pima kikombe kwa maji

Kwa maji, gramu moja ni mililita moja. Weka kikombe kikavu juu ya mizani, bonyeza kitufe cha kurudisha sifuri, kisha jaza maji mpaka ukingoni kabisa, maana ni hapo ukingoni utakaposawazishia unga. Mizani ikisoma 296, kikombe chako ni cha mililita 296. Andika 300 na usonge mbele.

Huna mizani? Fungua chupa ya maji ya mililita 500 na uimimine kwenye kikombe huku ukihesabu. Ikijaza viwili kamili, kikombe ni cha 250. Ikijaza viwili na kubaki kidogo sana chini ya chupa, uko karibu na kikombe cha Marekani. Ikijaza kimoja na theluthi mbili ya cha pili, ni 300. Kanuni ni kugawa 500 kwa idadi ya vikombe ulivyopata.

Chupa hiyohiyo itakusaidia kuikagua mizani. Maji yake yote yakimiminwa kwenye bakuli lililorudishwa sifuri yanapaswa kusoma gramu 500 au karibu yake. Ikisoma 460, badilisha betri kwanza kabla ya kulaumu resipi.

Hatua ya 2: Vijiko

Kijiko cha chai cha kupimia ni mililita 5 na kijiko kikubwa ni 15, isipokuwa Australia ambako kijiko kikubwa ni 20. Vijiko vyetu vya mezani havifuati sheria yoyote. Vingine ni vya kina, vingine vimelala kama sahani.

Suluhisho liko kwenye kabati la dawa. Kile kijiko cha plastiki kinachokuja na dawa ya maji ya watoto huwa kimechorwa mstari wa mililita 5, na bomba la sindano la mililita 5 linapatikana duka la dawa bila shida. Vuta maji mililita 5, mimina kwenye kijiko chako cha chai, uone yanafika wapi. Fanya mara tatu kwenye kijiko kikubwa. Ukishajua, andika kwenye karatasi. Kikombe cha Marekani ni sawa na vijiko vikubwa 16, robo yake ni vijiko 4, na theluthi yake ni mililita 80, yaani vijiko vitano na kidogo.

Vitu vidogo viache kwenye kijiko hata kama una mizani nzuri. Mizani nyingi za nyumbani hazina uhakika chini ya gramu 5, na zipo ambazo ukinyunyizia kidogo kidogo hazisogei kabisa, zinadhani ni upepo. Ukilazimika kubadili, kijiko cha chai kilichosawazishwa cha chumvi laini ni kama gramu 6, cha beking pauda kati ya 4 na 5, cha hamira kavu ya chembe ndogo kama 3, cha iliki ya kusaga kama 2. Ile pakiti ndogo ya hamira ya gramu 11 ni vijiko vya chai vitatu na nusu hivi. Resipi za Marekani zikisema pakiti moja ya hamira zina maana ya gramu 7. Ukitia ya gramu 11 nzima, donge litaumuka mbio na mkate utanuka hamira.

Hatua ya 3: Unga, na mkono wako

Hapa ndipo makosa mengi yanapozaliwa, kwa hiyo tukae kidogo.

Sukari ni chembe ngumu, ukiichota hivi au vile inajaa karibu sawa. Unga una hewa ndani yake. Chukua kikombe cha Marekani. Ukiuchanganya unga kwa uma ukalegea, ukaujaza kikombeni kwa kijiko bila kuugandamiza, kisha ukapitisha mgongo wa kisu juu, utapata gramu 120 hadi 125. Ukitumbukiza kikombe chenyewe ndani ya unga na kukizoa, kisha ukasawazisha, utapata 140 au 150. Ukikigonga gonga mezani ili "ujae vizuri", utaongeza tena. Na unga uliochekechwa ukiangukia moja kwa moja kikombeni unaweza kuwa gramu 105 hadi 115 tu. Kikombe ni kilekile, unga ni uleule, na kati ya mkono mmoja na mwingine kuna gramu 40. Kwenye resipi ya vikombe vitatu hizo ni 120, yaani umeongeza kikombe kizima cha nne bila kujua.

Wazee waliopima nafaka kwa kibaba, kisaga na pishi walikuwa makini kuliko sisi: muuzaji na mnunuzi walielewana kabisa kama ni kibaba cha mfuto, kilichosawazishwa, au cha tele, kilichofurika. Marekani nako Fannie Farmer, mwalimu wa mapishi wa Boston, alipata jina mwishoni mwa karne ya 19 kwa kusisitiza vikombe na vijiko vya kusawazisha. Kwa hiyo kwenye resipi ya Kimarekani kikombe ni cha mfuto mpaka waseme vinginevyo. Sukari laini ya kahawia ndiyo wanayotaka ishindiliwe, na huwa wanaandika hivyo.

Soma pia mpangilio wa maneno. "Kikombe kimoja cha unga uliochekechwa" maana yake chekecha kwanza, ndipo upime. "Unga kikombe kimoja, uchekeche" maana yake pima kwanza. Vivyo hivyo kwa mchele wa mkate wa kumimina: pima ukiwa mkavu, kabla ya kuuloweka, kwa sababu ukishakunywa maji uzito wake ni mwingine.

Sasa upime mkono wako. Mwenye mizani ajaze kikombe mara tatu kwa namna anayojaza siku zote, apime kila mara, achukue wastani. Zikipishana zaidi ya gramu 10, mkono haujatulia, rudia.

Asiye na mizani anunue pakiti ya unga ya kilo 2. Uzito umeshapimwa kiwandani, wewe kazi yako ni kuhesabu. Mimina unga wote kwenye beseni, uchanganye ulegee maana ndani ya pakiti umeshindiliwa, kisha uhamishie beseni la pili kikombe kwa kikombe, ukijaza kwa kijiko na kusawazisha. Weka punje ya maharage pembeni kwa kila kikombe, hesabu isipotee simu ikilia. Mwisho gawa 2000 kwa idadi uliyopata. Kikombe cha mililita 300 kikitoa vikombe 13 na theluthi, kila kimoja ni gramu 150. Kikitoa 11 tu, kila kimoja ni kama 182, na hapo ujue unazoa na kushindilia. Zoezi hili linachukua robo saa, unga haupotei, na namba unayoipata ni ya unga unaoununua wewe, si wa mtu wa California.

Fanya hivyohivyo kwa sukari ya kilo moja. Au mwombe mwenye duka akupimie robo kilo, uimimine kwenye kopo la plastiki linaloonesha ndani, uchore mstari inapofika. Hapo tayari una kipimo cha gramu 250 za sukari. Usikitumie kwa unga.

Hatua ya 4: Namba za kuzidisha

Kwa vitu vingine huna haja ya kupima kila kimoja. Chukua mililita za kikombe chako, zidisha kwa namba hizi, upate gramu:

Maji na tui: 1
Maziwa: 1.03
Mafuta ya kupikia: 0.92
Samli iliyoyeyuka: 0.91
Siagi na majarini: 0.95
Asali: 1.42
Sukari nyeupe: 0.85
Sukari laini ya kahawia, iliyoshindiliwa: 0.9
Sukari ya unga ya kupambia keki: 0.5
Unga wa ngano, kwa kijiko na kusawazishwa: 0.5
Unga wa ngano, wa kuzoa: 0.6
Unga wa mchele: 0.67
Semolina: 0.7
Mchele mkavu: 0.8
Kakao: 0.4
Nazi mbichi iliyokunwa: 0.33

Tazama asali na kakao. Kikombe cha 240 cha asali ni gramu 340, cha kakao hakifiki 100. Ndiyo maana swali la "kikombe kimoja ni gramu ngapi?" halina jibu mpaka useme cha nini. Nazi iamini kidogo tu, inategemea imekunwa laini au nene, lakini kwenye nazi gramu 20 hazimuui mtu. Kakao ina mabonge, ivunje kabla ya kupima.

Hatua ya 5: Kutoka vikombe kwenda gramu

Tuseme umepata resipi ya keki ya Kimarekani: unga vikombe 2¼, sukari 1½, siagi 1, maziwa 1, mayai 4, beking pauda kijiko kikubwa 1.

Anza na kikombe chao, 240. Unga: 2¼ × 240 × 0.5 ni gramu 270. Sukari: 1½ × 240 × 0.85 ni 306, andika 300. Siagi: 240 × 0.95 ni 228. Wenyewe huiuza kwa vijiti vya gramu 113, vijiti viwili ndiyo kikombe. Maziwa yaache mililita 240. Beking pauda iache kwenye kijiko.

Mayai wanayomaanisha ni makubwa, kama gramu 50 kila moja bila ganda. Manne ni 200. Ukitumia ya kienyeji, ambayo mara nyingi ni madogo, vunja moja moja kwenye bakuli juu ya mizani mpaka ufike 200. La mwisho likizidisha, lipige kwanza, umimine kiasi kinachotosha. Kinachobaki pakia juu ya mkate.

Usihangaike na gramu moja moja. Kwenye unga wa gramu 270, tano juu au chini haziharibu kitu. Mahali pa kuwa mkali ni unga, chumvi, hamira na beking pauda.

Hatua ya 6: Kutoka gramu kwenda kikombe chako

Resipi za Uingereza huandikwa kwa gramu. Keki yao ya kawaida ya tabaka mbili ni rahisi kukariri: pima mayai na maganda yake, kisha chukua siagi, sukari na unga kila kimoja uzito uleule. Mayai matatu huja kama 175.

Kikombe chako ni cha 300. Unga wako ni gramu 150 kwa kikombe, kwa hiyo 175 ÷ 150 ni 1.17. Ile 0.17 zidisha kwa 300, upate mililita 50, ambazo ni vijiko vikubwa vitatu na kidogo. Andika: unga kikombe 1 na vijiko vikubwa 3. Sukari yako ni 255 kwa kikombe, 175 ÷ 255 ni 0.69, yaani theluthi mbili ya kikombe na kijiko kimoja cha chai. Siagi usiihangaishe kwa kikombe, inabaki nusu ukutani. Chukua kipande cha gramu 250, kichore alama kumi sawa kwa kisu, kata saba. Hizo ndizo 175.

Kwa resipi za zamani zenye ratili na aunsi: ratili ni gramu 454, aunsi ni 28. Kuna mtego hapa. Kikombe cha Marekani cha maji huitwa cha aunsi 8, lakini hiyo ni aunsi ya ujazo, karibu mililita 30. Resipi ikisema unga aunsi 8, inataja uzito, gramu 227, ambazo ni karibu vikombe viwili. Ukiweka kikombe kimoja umetia nusu ya unga. Painti, kipimo cha ujazo, nayo ina mbili: ya Uingereza mililita 568, ya Marekani 473.

Ukioka kwa kuuza

Hapa sina subira na vikombe. Mtu anayetengeneza mkate wa kilo 2 za unga kwa kikombe, akikosea gramu 20 tu kila kikombe mara 13, amepotea gramu 260, zaidi ya robo kilo. Leo donge laini, kesho gumu, wateja wanasema "amebadilika".

Pima unga kwa gramu, uite 100, na kila kingine kiwe asilimia yake. Mkate wa kawaida: maji 60 hadi 65, chumvi 2, hamira kavu 1. Kwa unga gramu 2000 na maji asilimia 62, maji ni 1240, chumvi 40, hamira 20. Wakiagiza kwa kilo 5, unazidisha tu: maji 3100, chumvi 100, hamira 50. Resipi uliyozoea kwa vikombe ibadili mara moja kwa hatua ya tano, igawe yote kwa unga, uandike asilimia, na usirudi tena kwenye vikombe.

Acha kando kidogo ya maji ya kukandia, kama asilimia 5, uyamalizie donge likiyataka. Unga uliokaa wazi Mombasa au Unguja wakati wa masika umeshanyonya unyevu hewani: sehemu ya gramu zake ni maji tayari, na hautahitaji yote uliyopima. Unga wa Arusha wakati wa kiangazi utayanywa yote na kuomba mengine.